Waliofagia Vibaya

Mpiga mbiu alipita asubuhi akatangaza kwamba Alhamisi udongo utamwagwa mbele ya milango yote ya wanawake, mabonde yafukiwe, maji ya mvua yasituame tena. Ni amri ya Kamati ya Njia na Mifereji, akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi asiyoielewa, kwamba mabonde hayo yametokana na mabibi wa zamani kufagia vibaya. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikiweka chini polepole, maana kingekaa mkononi kidogo zaidi ningemrushia. Kufagia vibaya! Mimi Kidawa binti Vuai, niliyefagia mlango ule kila alfajiri mpaka mgongo ukasahau njia ya kunyooka, leo naambiwa na karatasi kwamba sikujua kufagia. Haya. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Mji wetu hauna jina. Uliwahi kuwa nalo, watu wakagombania namna ya kulitamka, jina likachoka likaondoka. Wala hauna miaka. Huko kwenu mtu huzeeka siku zikipita. Kwetu mtu huzeeka akipita mlangoni. Niliingia mlango wa Makame nikiwa bibi harusi, nikatoka kumwaga maji ya kuoshea mchele, nikakuta nina mtoto wa kiume anatambaa uani. Nikarudi ndani kufuata kanga, nilipotoka kichwa kilikuwa kimejaa mvi. Msiniulize katikati palikuwa na nini. Palikuwa na kufagia.

Kila nyumba ina milango miwili. Wa wanaume uko mbele, mrefu, mtu apite na kilemba chake na kiburi chake juu ya kilemba. Wa wanawake uko ubavuni, na juu yake imekingamishwa boriti, usawa wa kidevu cha mwanamke mzima. Boriti ile haiguswi. Sheria ilisema anayeigusa, hata kwa kushika asianguke, nyumba yake inavunjwa na jina lake halitajwi tena. Basi mwanamke aliinama. Aliinama akiingia na aliinama akitoka, na kwa kuwa aliinama, kilichotangulia ndani kilikuwa utosi. Baba yangu aliishi na mama yangu mpaka kufa kwake, na nadhani angekutana na uso wake sokoni angeupita kama uso wa muuza mchicha. Utosi wake ndio aliokuwa akiujua: mstari wa nywele ulipopinda, mvi ya kwanza ilipokaa. Hapo ndipo lilipozaliwa swali langu, nalo halijaniacha hata leo: mtu akiingia bila uso, ameingia nani?

Aliyelianza jambo letu ni Bi Siwazuri. Alikuwa mfinyanzi, mfupi, mikono mikubwa, mdomo hauna breki. Kila akirudi na mtungi kichwani ilimbidi autue nje, ainame, auburure ndani kwa magoti. Siku moja mtungi ukavunjika palepale mlangoni, naye akaketi kwenye vigae, maji yakimlowesha, akatazama. Sisi wote tulizoea kuitazama boriti. Tuliitazama tukiilaani, tukiiota, tukiiombea mchwa. Siwazuri alitazama chini. Akaona maji yamechimba kijifereji kidogo chini ya mlango, akakumbuka kwamba sheria imeitaja boriti mara saba na haijautaja udongo hata mara moja.

Akatuita kisimani wanawake arobaini, mmoja kwa kila nyumba, kwa kisingizio cha kugawana mafagio. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, hina haijafutika miguuni. Tukaapa. Kila asubuhi kila mtu afagie mlango wake kwa fagio la chelewa, na mkononi afiche kigae cha kifuu cha nazi, akwangue udongo kidogo, unene wa ukucha, usizidi. Udongo uende jaani pamoja na takataka. Na tusiseme. Asiambiwe mume, wala mtoto wa kiume, wala wa kike, maana mtoto hana siri, na siku watakayojua watajaza tena. Tuliapa tumeuma meno, wengine walilia. Mimi sikulia, nilikuwa naona fahari hata kuitwa.

Wanaume walitusifu. Wallahi walitusifu! Walisema wake zao ni wasafi kuliko wa miji yote, na kwenye baraza zao walishindana mke wa nani anafagia sana. Makame mume wangu alininunulia fagio jipya kwa furaha. Na Makame, msije mkasahau, ndiye aliyekuwa Mlinzi wa Boriti. Kila mwezi ukiandama alizunguka milango arobaini na fimbo yake ya kupimia, akahakikisha boriti haijapanda hata unywele. Haikupanda. Alirudi nyumbani ameridhika, akala, akalala. Hakutazama chini hata siku moja. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Sisi tulikuwa simba arobaini wenye mafagio.

Ukucha mmoja kwa siku ni kitu gani? Si kitu. Ndiyo maana hakuna aliyeuona. Lakini mtoto huona. Shaame mwanangu alipokuwa kifuani, bonde lilikuwa limefika kina cha kiganja, nami nikawa naingia na paji la uso. Alipoota meno nikawa naingia na macho. Mtoto ambaye mlango unamletea macho ya mama yake hawezi kufanana na aliyeletewa nywele tupu. Sikumfundisha Shaame neno lolote juu ya wanawake, ningethubutu vipi ndani ya nyumba ya Mlinzi? Udongo ndio uliomfundisha. Alipooa alimuuliza mkewe anataka nini kabla hajamwambia yeye anataka nini, wazee wakasema kijana kalogwa. Hakulogwa. Alikulia mahali ambapo midomo ya wanawake ilikuwa imekwisha kuingia ndani, basi akadhani midomo ile ina la kusema. Na kila nilipomwona akimsikiliza mkewe niliutazama mkono wangu, ule wenye sugu ya kifuu, nikauambia ahsante.

Kisha akazaliwa Raya, binti wa Shaame. Mlango ulikuwa wazi kwake toka siku ya kwanza. Bonde wakati huo halikuwa shimo tena. Lilikuwa mteremko mpana, umeanza mbali uani, umepita chini ya boriti, umepanda taratibu ndani, mtu hajui kama anashuka. Siku Raya alipoingia wima na ndoo kichwani, anaimba, hakugusa kitu, mimi nilijifungia jikoni nikalia kwa raha. Alidhani ni moshi.

Ndiye huyu Raya aliyekuwa sasa mwenyekiti wa Kamati ya Njia na Mifereji. Mwanamke wa kwanza kukikalia kiti kile, na hakuna hata mwanamume mmoja wa rika lake aliyeona ajabu. Ndiye aliyetoa amri ya kufukia.

Nilimwendea ofisini. Alinyanyuka, akanipa shikamoo, akanipa kiti chake mwenyewe. Akanieleza kwa adabu na kwa akili, maana akili anayo: mvua za juzi maji yamelala siku tisa mbele ya milango, mbu wamezaa, watoto wameugua homa, na kikongwe mmoja wa mtaa wa juu ameteleza akavunjika nyonga. Kamati imepima maji, imepima mteremko. Nilimuuliza kama wamepima mlango. Akashangaa, akasema mlango una nini, si mlango tu. Nikafungua mdomo nimwambie, kiapo kikasimama katikati. Yeye akadhani nimeumia kwa lile tangazo, akanishika mkono wenye sugu.

"Bibi, hamkuwa na kosa," aliniambia. "Hakuna aliyewafundisha kufagia."

Nilitoka pale nimekasirika na nimejaa fahari, vitu viwili visivyokaa vizuri tumbo moja. Mwajua kinachouma? Tulitaka wazaliwe wajukuu wasiojua kuinama. Wamezaliwa. Na kwa kuwa hawajui kuinama, hawajui kuna boriti. Na kwa kuwa hawajui kuna boriti, wanaujaza udongo kwa mikono yao safi, kwa nia njema, kwa ajili ya mbu. Hakuna adui wa kumzomea. Adui angekuwepo ningelala usingizi mzuri.

Nimwambie. Nisimwambie. Nimwambie, nivunje kiapo cha wanawake thelathini na tisa walio kaburini, ambao hawawezi tena kuniruhusu wala kunikataza. Nisimwambie, Ijumaa asubuhi aingie kwake na utosi. Yeye na kila binti wa mji. Na mwanawe wa kiume atakayezaliwa aletewe nywele. Kazi ya maisha arobaini ifutwe kwa makarai mia mbili ya udongo. Mimi ni nani, mama wa ushindi au mlinzi mwingine tu, aliyepewa siri badala ya fimbo? Ukiona vyaelea vimeundwa, husema watu. Na asipoona je? Asipoona vinaelea, akadhani maji ndiyo yalivyo?

Nikarudi nyumbani. Nilipopita mlangoni, mlango ukafanya vile unavyofanya milango ya kwetu. Sikutokea jikoni. Nilitokea kwenye mlango wa Bi Siwazuri, siku ileile, naye ameketi kwenye vigae, maji bado hayajakauka. Alikuwa binti mbichi, mdogo hata kwa Raya. Mimi kikongwe. Hakunitambua, akaniamkia.

"Shikamoo, bibi."

Nikaitikia marahaba, nikaona haya, maana nilikuwa naipokea shikamoo ya kiongozi wangu. Nikaketi naye chini, nikamwambia natoka mbele, huko anakotaka kwenda. Nikamsimulia yote. Alinisikiliza akikusanya vigae. Nilipofika kwa Raya na amri yake aliniuliza kama ni kweli binti huyo haijui kabisa boriti. Nikasema haijui. Akauliza kama hata usingizini haiinamii. Nikasema hata usingizini. Akacheka, machozi yakimtoka, akasema basi kumbe inawezekana, yeye alikuwa anajaribu tu. Nikakasirika. Nikamwambia asicheke, kwa kuwa Alhamisi yote yanafukiwa na yeye ndiye aliyetufunga midomo.

Aliviweka vigae chini. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo.

"Niliwaapisha watu wenye hofu, bibi. Wewe sasa unamhofu nani?"

Nilipoinua macho kumjibu nilikuwa jikoni kwangu, na maharage yameungua.

Alhamisi watu walijaa uani kwetu, kwa sababu kazi ilianzia nyumba ya Mlinzi, kwa heshima. Makame aliwekewa kiti pembeni na fimbo yake magotini. Vijana wakaanza kumwaga karai kwa karai na kushindilia. Sikuwazuia. Nilikuwa nimeamua, na nilitaka mlango useme kwanza kabla ya mdomo wangu. Udongo ulipofika nusu, Raya alisimama kuwaonyesha watu jinsi patakavyokuwa pazuri. Alikuwa akizungumza, uso ameuelekeza kwa watu, anatembea kinyumenyume kidogo kisha anageuka kuingia mlangoni kama alivyoingia maisha yake yote. Paji la uso likagonga boriti. Mlio wake ulisikika mpaka barabarani.

Hakuna aliyecheka. Raya alisimama ameshika kichwa, anautazama mti ule kana kwamba umeota dakika ileile. Nikawaambia vijana waendelee kujaza mpaka mwisho. Wakamtazama mwenyekiti wao. Akaitikia kwa kichwa, wajaze. Wakajaza. Boriti ikarudi usawa wa kidevu chake, mahali ilipowekwa na watu waliokufa zamani. Nikamwambia, mjukuu wangu, ingia. Akawa hana budi. Akainama, mjukuu wangu yule, akaingia na utosi mbele ya mji mzima, na wanawake wa rika lake wote waliokuwa pale wakashika shingo zao. Shaame baba yake aligeuza uso ukutani.

Alikaa ndani kwa muda mrefu. Alipotoka, kwa kuinama tena, hakuuliza boriti ni nini. Aliniuliza mimi ni nani. Ndipo nikakivunja kiapo. Nilisimama juu ya udongo nikawaeleza kisima, mafagio, kifuu, ukucha mmoja kila siku. Nikawaambia hatukufagia vibaya. Tulifagia kuliko watu wowote waliowahi kushika fagio, na mwenyekiti wenu amekikalia kiti chake juu ya kile tulichokitoa. Nilijigamba, ndiyo. Nilikuwa na haki.

Kiti kililia pembeni. Makame alikuwa ameegemea mbele, juu ya fimbo yake. Nikajua sasa litakuja la sheria, nikajiweka tayari, maana mimi na yeye tumekula sahani moja maisha yote na bado sikujua angesema nini. Aliniita jina la nyumbani.

"Mama Shaame, boriti haibebi kitu."

Nikamwambia aseme tena. Akasema, sauti imekauka, kwamba boriti zote arobaini hazibebi kitu. Ukuta unajishikilia wenyewe, juu kuna boriti nyingine ya kweli, hii ya chini ilichomekwa tu. Kila Mlinzi huambiwa hivyo siku anapopewa fimbo, na huapishwa asiseme. Alijua toka ujana wake. Alikuwa anapima kitu kisichoshika chochote, mwezi hadi mwezi, akiogopa mtu atakigusa agundue ni chepesi.

Jamani. Nilitaka kumpiga na fagio. Nilitaka kucheka. Mimi nimelala kitanda kimoja na mtu aliyejua ya juu, yeye kalala na mtu aliyejua ya chini, kila mmoja amegeukia ukuta wake na kiapo chake, na katikati yetu ndipo watoto walipokuwa wanapita wameinama. Mficha uchi hazai. Nilimwambia hivyo mbele za watu, nikamwambia amenila mgongo bure. Hakujitetea. Alisema ni kweli, akasema nimsamehe, na mimi sikumsamehe palepale, sitawadanganya. Hasira yangu nilikuwa nimeipata kwa kazi.

Raya alikuwa amesikia yote, paji la uso limevimba. Nilidhani ataamuru udongo uondolewe, kazi yetu irudishwe, nami ningefurahi, kwa kuwa mtu hupenda alichokichimba. Hakuamuru hivyo. Alisema maji yatatuama tena na watoto wataugua tena, udongo ubaki. Akaagiza msumeno. Nyinyi mlichimba kwa kuwa hamkuweza kuigusa, aliniambia taratibu, sisi tutaigusa. Akaweka mkono wake juu ya boriti, kiganja kizima, akakiacha pale. Nyumba haikuvunjika. Jina lake lilitajwa na watu wengi kwa wakati mmoja.

Walikata mpaka magharibi, mlango baada ya mlango, wasichana na wavulana wakipokezana msumeno. Makame mwenyewe aliwaonyesha pa kukatia, ndipo penye wepesi. Huku nyuma mabonde yakafukiwa yote. La mwisho lilikuwa la Bi Siwazuri, na karai la kwanza la pale nililimwaga mimi. Niliona ule udongo ukiteremka kwenye kazi yetu, ukaifunika, pakawa tambarare, mtu mgeni asingejua kwamba pana kitu kilichowahi kufanyika. Moyo uliniuma na ukanipanda juu kwa fahari vilevile. Kazi iliyofukiwa kwa sababu haihitajiki tena, niambieni, ni wangapi wamewahi kuiona kwa macho yao?

Raya akanifuata, akaniomba niwataje. Si kwa maandishi, alisema, kwa mdomo, maana ndio mdomo uliofungwa. Mji mzima ukasogea uani. Makame alikuwa ameketi juu ya kipande cha boriti, mabega yamemwanguka. Nikaanza. Siwazuri binti Ngwali. Fumu binti Haji. Riziki wa mtaa wa chumvi. Nilikuwa sijayatamka majina yale pamoja toka kisimani, na kila moja lilitoka na sura yake. Nikafika la saba, Mize binti Khatibu, mama mkwe wangu. Ndiye aliyenishika mkono kunipeleka kisimani siku ya kiapo.

Makame aliinua kichwa. Alimzaa yeye, yule mama. Mama huyo alifagia mlango wa nyumba aliyomlelea, mbele ya macho yake, na Makame alipopewa fimbo alimpigia vigelegele, kisha kesho yake akaamka akafagia. Mume wangu, ambaye sijapata kumwona akinyanyuka mwanamke anapotajwa, alinyanyuka. Shaame akamwona baba yake, naye akanyanyuka. Wakanyanyuka wote waliokuwa wameketi.

Hawakuketi tena mpaka mwisho. Niliwataja taratibu, sikumruka mtu. La arobaini lilikuwa langu. Nikapumzika kidogo, pumzi inirudie, kisha nikalitaja kwa sauti ya kusikika mji mzima.